Maji ya Kisima Karibu na Dampo Yamebadilika: Namna ya Kutafuta Chanzo Katika Pwani ya Mtwara na Lindi

Kisima kilicho jirani na dampo kikibadilika ladha, ugomvi huanza kabla ya vipimo. Wakazi husema ni dampo. Wasimamizi wa dampo husema ni bahari, au ni vyoo vya mtaani. Kila upande una sababu ya kuamini unachosema, kwa kuwa katika pwani yetu ya kusini vyote vitatu vinaweza kutia chumvi ndani ya kisima kimoja. Mwongozo huu ni kwa fundi wa maji, afisa mazingira wa halmashauri, afisa afya wa kata, na mwenyekiti wa mtaa ambaye malalamiko humfikia kwanza. Msimamo wangu ni kwamba kipimo kimoja kilichopanda hakimtii mtu hatiani wala hakimsafishi. Soma mambo mawili kwa pamoja: maji yanaelekea wapi chini ya ardhi, na ni vipimo gani vimepanda kwa wakati mmoja.

Lakini anza na wanaokunywa. Kama kisima kinatumiwa na watu na dalili mojawapo ya hapa chini imeonekana, watafutiwe maji mengine ya kunywa na kupikia wakati uchunguzi unaendelea, kwanza kabisa nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga. Kuchemsha huua vijidudu tu. Naitreti, chumvi na metali hubaki ndani ya sufuria, tena huzidi ukali kwa sababu maji yamepungua. Watu waambiwe hilo waziwazi, maana "chemsheni tu" ndilo jibu linalotolewa upesi zaidi.

Ijue ardhi kabla ya kushika chupa

Sehemu kubwa ya Mtwara na Lindi karibu na pwani imekalia mchanga na changarawe nyekundu, ndani yake mkiwa na tabaka za udongo mfinyanzi zisizo na mpangilio, na ukikaribia ufukwe unakuta mawe ya matumbawe. Mchanga hupitisha maji kwa urahisi. Matumbawe yana mapango na nyufa, na humo maji yanaweza kukimbia kasi kuliko hesabu yoyote itakayofanywa ofisini. Mfinyanzi huyazuia, lakini mahali ulipo tu. Ukikatika, maji hupita. Visima vya Mtawanya vinavyolisha mji wa Mtwara na vile vya Ng'apa vinavyolisha Lindi ni sababu tosha ya kuheshimu maji yaliyo chini ya miguu yetu.

Mwelekeo wa mkondo hupatikana kwa visima vitatu au zaidi vilivyo kwenye tabaka moja la maji na visivyopangwa kwenye mstari mmoja. Unapima kina cha maji katika kila kisima, unakitoa kwenye mwinuko wa mdomo wa bomba kutoka usawa wa bahari, unapata kimo cha maji. Tuseme kisima A kimo ni mita 12.40, B ni 11.90, C ni 11.40. Kwenye mstari kati ya A na C tafuta mahali ambapo kimo kingekuwa 11.90, hapo ni katikati kabisa. Unganisha mahali hapo na B. Maji hutembea kwa kuukata mstari huo mpya kwa pembe mraba, kuelekea upande wa C.

Kasi nayo huhesabika kwa kanuni ambayo mhandisi Mfaransa Henry Darcy aliitoa mwaka 1856. Chukua mchanga wa wastani unaopitisha mita 10 kwa siku, mteremko wa maji wa nusu mita kwa kila mita 100, na nafasi wazi kati ya chembe za mchanga robo ya ujazo. Zidisha 10 kwa 0.005, gawanya kwa 0.25: maji yanatembea sentimita 20 kwa siku, karibu mita 73 kwa mwaka. Fanya hesabu hii kwa takwimu za eneo lako, uibandike ukutani. Utairudia katika karibu kila dalili.

Dalili: mkondo unaonekana kupanda mlima, au unageuka kila unapopima

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu mkondo ukikosewa, kisima unachokiita "cha juu", yaani cha upande maji yanakotoka, kinaweza kuwa ndicho kinachopokea uchafu, na kila ulinganisho utakaofuata utakuwa batili.

Chanzo cha kawaida kabisa ni alama ya kupimia. Bomba la kesingi, lile linaloshikilia kuta za kisima, likigongwa na greda, likikatwa ili kufuli mpya ikae, au likiongezwa kipande, mwinuko wa mdomo hubadilika huku daftari likibaki na namba ya zamani. Maji yataonekana yameshuka au yamepanda sentimita 30 kwa usiku mmoja. Dalili yake ni kwamba badiliko liko kwenye kisima kimoja tu, limetokea ghafla, halafu halirudi. Dawa ni kupima upya mwinuko wa midomo yote na kuchora alama ya kudumu kwa rangi upande mmoja wa bomba. Kwenye ardhi tambarare ya pwani tofauti ya kimo kati ya visima inaweza kuwa sentimita chache tu, kwa hiyo mwinuko uliosomwa kwa simu hautoshi hata kidogo. Tafuta mpima ardhi mwenye levo.

Chanzo cha pili ni kupima visima siku tofauti. Kisima kimoja Jumatatu, cha pili Alhamisi baada ya mvua, cha tatu wiki inayofuata: hapo umepima mvua. Pima vyote kwa mfululizo, saa chache, siku moja, kabla pampu yoyote haijawashwa.

Chanzo cha tatu ni bahari yenyewe. Wavuvi wa Mikindani hawahitaji kuelezwa bamvua na maji mafu, lakini fundi wa visima husahau. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, na msukumo huo huingia ardhini. Kisima kilicho karibu na ufukwe hupanda na kushuka nao, kwa kuchelewa kidogo na kwa kiasi kidogo zaidi, na kinachofuata bara zaidi hupungua zaidi. Ukikipima cha ufukweni maji yakiwa yamejaa na cha bara saa sita baadaye, unaweza kuchora mkondo unaotoka baharini kwenda dampo. Kaa na kisima cha karibu na bahari mchana mzima, usome kina kila nusu saa. Kikipumua na bahari, basi tangu hapo vipimo vyote vifanywe katika hali ileile ya maji, au tumia wastani wa siku nzima.

Chanzo cha nne: pampu ya jirani. Shamba la mboga, kiwanda cha kufyatulia matofali au kisima cha shule kikivuta maji kwa saa nyingi huvuta na mkondo. Tembea eneo lote, uliza nani anavuta maji na saa ngapi.

Cha tano ni tabaka tofauti. Maji ya mvua yanaweza kutuama juu ya bamba la mfinyanzi mita kadhaa juu ya maji ya kweli. Kisima kifupi kilichoishia kwenye maji hayo na kisima kirefu kilichopita hadi chini havipimi kitu kimoja, hata vikiwa mita tano tu mbali. Rudi kwenye kumbukumbu za uchimbaji, uone sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji iko kina gani. Kama kumbukumbu hazipo, shusha kamera au omba kisima kipimwe upya; usikisie.

Cha sita ndicho chenye madhara makubwa. Dampo likipitisha maji kwa wingi, chini yake hujengeka mwinuko wa maji, na maji hayo hutawanyika kila upande, pamoja na ule uliodhaniwa kuwa wa juu. Kisima chako cha ulinganisho kitakuwa kimechafuka, na kwa kuwa visima vyote vimepanda sawasawa, ripoti itasema hakuna tofauti kati ya juu na chini. Kama kimo cha maji katika visima vyote vilivyo ukingoni mwa dampo kiko juu kuliko vilivyo mbali, pande zote, hiyo ndiyo hali. Unahitaji kisima kipya cha ulinganisho, mbali na dampo na kwenye ardhi ya aina ileile.

Dalili: chumvi imepanda

Kipimo cha upitishaji umeme ndicho cha bei nafuu na cha haraka kuliko vyote. Kikipanda, na kloraidi ikapanda pamoja nacho, kuna washukiwa watatu: bahari, dampo, na mtaa. Maji ya dampo yanaweza kusoma kuanzia maikrosimens 2,500 hadi 35,000 kwa sentimita. Ya bahari ni karibu 50,000. Namba peke yake haitoi jibu. Jibu liko kwenye kundi la vitu vilivyopanda pamoja.

Bahari ina uwiano wake unaojulikana. Kloraidi yake ni karibu miligramu 19,000 kwa lita, sodiamu ni kama asilimia 55 ya uzito huo, salfeti asilimia 14, na potasiamu ni kidogo sana, chini ya asilimia 4 ya sodiamu. Gawanya kloraidi kwa bromaidi, kwa uzito, utapata kama 290. Maji yakiwa na uwiano ulio karibu na huo, bila amonia ya maana, bahari inaingia. Kumbuka kwamba maji ya bahari yanapousukuma mchanga wenye mfinyanzi, sodiamu hung'ang'ania udongo na kalisi hutoka badala yake. Kwa hiyo mwanzoni mwa uvamizi wa bahari sodiamu huonekana pungufu na kalisi nyingi. Fundi asiyejua hilo ataiondolea bahari lawama kimakosa.

Maji ya dampo huja na wenzake. Amonia, potasiamu, boroni na baikaboneti hupanda pamoja na kloraidi, na potasiamu inaweza kukaribiana na sodiamu kabisa. Amonia ndani ya maji ya dampo huanzia makumi ya miligramu kwa lita na kuvuka elfu moja, na haipungui upesi hata dampo likizeeka. Ukiona potasiamu na amonia vinapanda, usiniambie bahari. Boroni peke yake isikudanganye, kwani bahari nayo ina karibu miligramu 4.5 kwa lita.

Msimu husaidia. Mvua zetu huanza karibu Novemba au Desemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Chumvi ya bahari hupanda kuelekea mwisho wa kiangazi, Oktoba na Novemba, visima vinapovutwa sana na maji matamu yamepungua. Uchafu wa dampo hufuata mvua, kwa kuchelewa kunakotegemea ile hesabu ya kasi. Shusha pia kipimo cha upitishaji umeme ndani ya kisima, mita kwa mita. Chumvi ya bahari ni nzito, hukaa chini: juu matamu, chini machungu, na mpaka kati yake ukiwa mkali. Kanuni ya zamani inasema kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba mita kama 40 za maji matamu chini yake. Kisima kilichochimbwa kirefu kupita hapo kimejitafutia chumvi bila msaada wa dampo.

Uliza pia kuhusu mashamba ya chumvi. Yapo mengi kandokando ya hori na mikoko katika mikoa yote miwili, na maji yake makali yanayopenya ardhini yana sura ya bahari iliyokolezwa.

Dalili: naitreti juu, amonia hakuna

Hii watu huipokea kama ushahidi dhidi ya dampo, na mara nyingi sivyo. Chini ya dampo hewa imekwisha, na naitrojeni husafiri kama amonia. Naitreti inahitaji hewa ili itokee. Mchanga mkavu wenye hewa chini ya vyoo vya shimo na mazizi hugeuza mkojo na kinyesi kuwa naitreti kwa ufanisi mkubwa. Naitreti juu, amonia chini, na vijidudu vya kinyesi vimeonekana: angalia vyoo, mifugo na mbolea kwanza. Hesabu vyoo vilivyo upande wa juu wa mkondo, kisha uone kina chake kikilinganishwa na kina cha maji wakati wa masika.

Isipokuwa pale ukingoni mwa uchafu wa dampo, ambako amonia imekutana na maji yenye hewa ikageuka. Hapo utaona amonia ikishuka na naitreti ikipanda kadiri unavyotoka dampo kwenda mbali, huku kloraidi na potasiamu zikibaki juu. Ndiyo maana kipimo cha kisima kimoja hakitoshi. Unahitaji safu ya visima kufuata mkondo.

Mtego wa vizio ni mkubwa hapa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita zikihesabiwa kama naitreti. Maabara nyingine huripoti naitrojeni peke yake ndani ya naitreti, na kikomo hichohicho huwa 11.3. Ripoti ya "15" inaweza kuwa salama au hatari kutegemea neno moja. Piga simu maabara uulize. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kukosa oksijeni mwilini, kwa hiyo swali hilo lisisubiri wiki ijayo.

Dalili: rangi ya kutu, madoa kwenye nguo

Chota maji kwenye glasi safi. Yakitoka maangavu kisha yakageuka hudhurungi baada ya muda, chuma kilikuwa kimeyeyuka. Yakitoka tayari na rangi, ni kutu ya bomba au tope.

Chuma kilichoyeyuka na manganizi maana yake hewa imekwisha ndani ya ardhi. Taka zikioza huimaliza hewa, kisha naitreti, kisha manganizi na chuma cha kwenye mchanga huyeyushwa, halafu salfeti hugeuka kuwa ile harufu ya yai viza, na karibu kabisa na taka hutoka methani. Mara nyingi chuma hicho ni cha mchanga wetu mwekundu, kimelegezwa na uozo. Lakini bonde lenye majani yaliyooza au udongo wa mikoko hufanya vivyo hivyo bila dampo. Linganisha tena na potasiamu, amonia na kloraidi. Chuma kikiwa peke yake, shuku ardhi au bomba la chuma. Kama mpimaji alitia asidi kwenye chupa bila kuchuja, tope limeyeyushwa na namba ya chuma haina maana yoyote. Rudia, chuja kwa kichujio cha maikroni 0.45 palepale kisimani.

Dalili: salfeti juu, maji yamekuwa makali

Mikoa yetu ni ya korosho. Kuanzia miezi ya baada ya mvua wakulima hupuliza salfa ya unga kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na sehemu yake huishia ardhini. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa asidi na salfeti, na mvua inayofuata huisukuma chini. Kwenye mchanga usio na chokaa maji hushuka pH. Dampo lililokomaa hufanya kinyume: pH yake huelekea juu ya 7, na salfeti humezwa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo salfeti imepanda, pH imeshuka, amonia hakuna, na visima vimezungukwa na mikorosho: dampo si mshukiwa wa kwanza. Angalia tu kama halijamwagiwa jasi au kifusi cha ujenzi, ambavyo navyo hutoa salfeti.

Asidi hiyo isiachwe hivihivi, kwa sababu huyeyusha alumini na metali za mabomba.

Dalili: pH 11 au 12 kwenye kisima kipya

Ni saruji. Ile iliyomiminwa kuziba pembeni mwa bomba imeshuka hadi kwenye matundu. Vuta maji kwa wingi mara kadhaa. Kama pH hairudi, kisima hicho hakifai kufuatilia metali. Kati ya saruji na kokoto za kuchujia ilipaswa kuwepo bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa.

Dalili: viputo, harufu, maji yanayochemka bila moto

Zima sigara. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Mtu asishuke kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono karibu na dampo kwa sababu yoyote ile, hata kuokoa ndoo. Kabonidaioksaidi na ukosefu wa oksijeni huua kabla mtu hajaomba msaada, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Funga mdomo, weka ulinzi, mwite mwenye kipima gesi.

Katika mkoa wenye gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na bomba linalotoka Madimba, wapo watakaosema ni gesi ya ardhini. Maabara inaweza kutofautisha. Gesi ya taka imetokana na mimea ya juzi na ina kaboni-14. Gesi asilia ni ya kale mno, haina, na mara nyingi hubeba ithani kidogo. Gesi ya dampo huwa na kabonidaioksaidi nyingi kando ya methani.

Dalili: matokeo ya maabara hayaelewani

Kabla ya kupeleka namba kwa mtu yeyote, zijaribu zenyewe. Badili viambato kuwa vizio vya chaji, yaani miliekwivalenti kwa lita. Jumla ya vyenye chaji chanya na jumla ya vyenye chaji hasi zinapaswa kukaribiana. Tofauti ikizidi asilimia 5 tia shaka, ikizidi 10 usizitumie. Kisha zidisha jumla ya chaji chanya kwa 100: utapata takriban upitishaji umeme uliosomwa kisimani. Zikitofautiana sana, kuna chupa imebadilishwa au kipimo kimekosewa.

Makosa mengi hutokea kabla ya maabara. Maji yaliyosimama ndani ya bomba si maji ya ardhini. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji, hivyo safu ya mita 8 ni lita 16, na desturi ni kutoa mara tatu yake, karibu lita 48, kabla ya kuchukua sampuli. Njia bora zaidi ni kuvuta polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, huku ukisoma pH, oksijeni na upitishaji umeme hadi vitulie. Ukitumbukiza ndoo kwa nguvu unatibua tope na kuingiza hewa, na hewa hubadilisha chuma na amonia mkononi mwako. Kamba na ndoo iliyotoka kisima kichafu kwenda kisafi huhamisha uchafu; anza na visafi, malizia na vichafu.

Halafu kuna safari. Sampuli ikilazimika kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za joto. Vijidudu vipimwe ndani ya saa 24 kwa nje kabisa, naitreti isiyotiwa dawa ndani ya saa 48, na chupa zote zikae kwenye barafu. Panga siku ya kuchota kwa kuangalia siku ya basi na saa za maabara. Peleka pia chupa pacha ya kisima kimoja kwa jina tofauti, na chupa ya maji safi uliyoijaza palepale uwanjani. Pacha wakitofautiana sana, au maji safi yakionyesha amonia, tatizo liko kwenye mikono yetu wenyewe.

Dalili: mambo ni safi miaka yote

Nayo ni dalili, na huniogopesha kuliko nyingine, kwa kuwa hakuna anayeichunguza. Dampo lenye taka za miaka mingi juu ya mchanga, na visima vinavyosoma kama maji ya chemchemi, linahitaji maelezo. Inawezekana utando wa plastiki na mfinyanzi chini yake unafanya kazi vizuri. Hayo ndiyo maombi yetu. Lakini angalia kwanza. Je, visima viko upande ambao maji yanaelekea, au viliwekwa kando ya uzio kwa sababu gari lilifika kwa urahisi? Je, sehemu yenye matundu iko mita 30 chini wakati uchafu unapita mita 8, au iko juu na inakauka kila kiangazi, ikipimwa masika tu? Je, umbali ukigawanywa kwa kasi unaonyesha kwamba uchafu ungekuwa umefika? Kwa ile kasi ya mita 73 kwa mwaka, kisima kilicho mita 400 mbali hakiwezi kusema lolote kuhusu dampo la miaka mitatu, na amonia husafiri taratibu zaidi ya maji kwa kuwa mfinyanzi huishika. Kloraidi haishikwi, ndiyo itakayotangulia, kwa hiyo mchoro wake wa miaka yote uchorwe na utazamwe hata kama kila nukta iko chini ya kikomo. Kisima kilichotoka miligramu 20 hadi 90 polepole bado kiko chini ya kikomo cha ladha cha miligramu 250 kwa lita, na tayari kimeshakueleza habari.

Tazama pia alama ya "chini ya". Maabara ikiandika amonia "chini ya 5", haijasema haipo. Imesema chombo chake hakioni kitu kilicho chini ya 5. Omba kiwango kidogo zaidi cha kugundua, au maabara nyingine.

Ukipata mashaka yenye msingi, usisubiri robo mwaka inayofuata. Rudia sampuli ya kisima hicho ndani ya wiki chache, ongeza potasiamu, boroni na amonia kama hazikuwemo, na upime vimo vya visima vyote siku hiyohiyo. Ikithibitika, taarifa iende kwa maandishi halmashauri, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake iko Mtwara na ndiyo inayohusika na vibali vya kuchimba visima. Ambatisha mchoro wa mkondo, namba ghafi na orodha ya visima vya wananchi vilivyo upande wa chini wa mkondo, pamoja na umbali wa kila kimoja. Nakala ya orodha hiyo ibaki serikali ya mtaa, ikisomwa kwenye mkutano wa wakazi. Kisha omba kibali cha kisima kipya kati ya dampo na nyumba ya kwanza, kifupi na chenye matundu kuanzia pale maji yanaposhuka mwisho wa kiangazi.